Mvua za Ugogo na Mazao ya Kuletwa

Kwa wastani, Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. London nayo haipishani sana na kiasi hicho. Mtu akizitazama tarakimu hizi mbili akiwa ofisini anaweza kudhani kwamba nchi hizi zina maji sawa, na kwamba kinachotakiwa ni jembe kubwa zaidi na mtu mwenye bidii zaidi. Lakini London hunyeshewa manyunyu mwaka mzima chini ya jua lisilo na makali. Dodoma hupata karibu mvua yake yote kati ya Desemba na Aprili, tena kwa vishindo vichache, halafu jua huanza kudai chake.

Historia ya kilimo cha Ugogo, nchi ya Wagogo inayozunguka Dodoma, kwa zaidi ya miaka 150 iliyopita ni ya watu walioujua mgao huo wa mvua, na ya wakubwa waliokuja mmoja baada ya mwingine wakiwa wameshika wastani.

Nchi ya msimu mmoja

Ugogo ni uwanda wa juu, sehemu kubwa ikiwa mita 1,000 au zaidi kutoka usawa wa bahari. Mashariki umezibwa na milima ya Ukaguru na Rubeho. Kusi, upepo unaobeba unyevu kutoka Bahari ya Hindi, hupanda milima hiyo, hupoa, na kumwaga maji yake upande wa Kilosa na Morogoro. Ukifika Mpwapwa na Kongwa umekwisha kukauka. Ndiyo maana kuanzia Mei hadi Novemba hakuna mvua ya maana. Watu hungoja mpaka ukanda wa mawingu unaolifuata jua uteremke kusini ya ikweta, nayo kaskazi ianze kuvuma. Kilimanjaro na pwani ya kaskazini wana vuli na masika. Wakikosa moja hutazamia nyingine. Mgogo ana msimu mmoja tu.

Ndani ya msimu huo kuna mtego. Miaka mingi mvua hukatika mwishoni mwa Januari au Februari kwa wiki mbili, tatu, pengine zaidi, kisha hurudi Machi. Kwenye daftari la mwaka pengo hilo halionekani, kwa kuwa jumla inaweza kuwa nzuri kabisa. Shambani ndilo linaloamua nani atakula. Kwa hiyo zao la kufaa Ugogo si lile linalohitaji maji machache tu. Ni lile linaloweza kusimama, kungoja, kisha kuendelea.

Mtama una tabia hiyo. Ukikosa maji hukunja majani yake na kupunguza ukuaji, na mvua ikirudi huendelea. Uwele hukomaa mapema, aina nyingine kwa miezi mitatu hivi, na shina la kwanza likiungua huchipuza mengine pembeni. Mahindi hayana subira. Yakikutwa na ukavu wakati wa kutoa mbelewele na ndevu, chavua hukosa pa kushika, na gunzi hubaki na punje za kuhesabika, hata kama mvua ya Machi itakuja ya kutosha. Wiki mbili mbaya zinatosha kuharibu kazi ya miezi minne.

Wagogo walijenga kilimo chao juu ya maarifa haya. Walisafisha na kuchoma masalia ya shamba bila kuitifua ardhi, utaratibu unaoitwa kuberega, na wengi walipanda mapema, mbegu ikaisubiri mvua udongoni badala ya mkulima kuisubiri nyumbani. Familia moja ilikuwa na vipande vya shamba huku na kule: kimoja kwenye mbuga yenye udongo mweusi unaoshika maji, kingine kwenye udongo mwekundu wa mwinuko, kingine karibu na tembe kwenye samadi. Mvua za Ugogo hunyesha kwa madoa. Kijiji hiki kikilowa, cha pili hubaki na vumbi. Mwenye vipande vitatu alikuwa na nafasi tatu. Juu ya yote kulikuwa na ng'ombe. Mwaka wa njaa aliswagwa hadi kwa jirani aliyevuna, akabadilishwa kwa nafaka. Asiyeelewa hesabu hiyo alisema Wagogo wanapenda ng'ombe kuliko kilimo.

1857–1914: Misafara, sotoka na reli

Msafiri wa Kizungu Richard Burton alipopita mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, Ugogo ilikuwa sehemu ya njia kuu ya pembe za ndovu kati ya Bagamoyo na Tabora. Kabla ya kuifikia, msafara ulipaswa kuvuka nyika kavu ya Marenga Mkali, na ukishafika ulilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila mtemi. Wasafiri wengi waliandika kwa uchungu juu ya hongo hiyo. Hawakutilia maanani sana jambo la pili: kwamba nchi waliyoiita kame iliweza kuwauzia chakula na maji watu wengi waliopita msimu baada ya msimu. Uwele na mtama wa Ugogo uliwalisha wapagazi wa Kinyamwezi na Waswahili wa pwani kwa miongo kadhaa.

Sotoka, tauni ya ng'ombe iliyoikumba Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliwamaliza ng'ombe. Kwa Ugogo hilo lilikuwa pigo la kilimo kama lilivyokuwa la ufugaji, maana akiba ya mwaka wa ukame ilikufa ikiwa imesimama. Wajerumani waliingia nchi ikiwa katika hali hiyo. Reli yao ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, ikaua kazi ya upagazi na soko la misafara kwa mpigo mmoja. Nchi iliyokuwa ikiuza chakula barabarani ikawa nchi ya kutozwa kodi.

1916–1920: Mtunya

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la upande wa Waingereza liliingia Dodoma Julai 1916. Kabla yake Wajerumani walikuwa wamechukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Waliofuata nao walichukua nafaka, ng'ombe na vijana. Kisha mvua zikaharibika. Njaa iliyodumu kati ya 1917 na 1920 Wagogo waliiita Mtunya, na mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza kwa kina, amekadiria kwamba iliua watu wapatao 30,000 kati ya 150,000 waliokuwa wakiishi katika nchi hiyo. Mmoja katika kila watano.

Inafaa tusimame hapa kidogo. Ukame wa namna hiyo haukuwa mgeni Ugogo. Mgeni alikuwa ukame unaoikuta nchi bila vijana wa kulima, bila nafaka ya mwaka uliopita na bila mifugo ya kubadilisha. Ukanda wa mawingu ulichelewa au uliruka, kama ulivyokuwa umefanya mara nyingi. Vita ndiyo iliyogeuza mwaka mbaya kuwa maangamizi. Watawala wapya walijifunza somo tofauti. Tangu hapo Ugogo iliandikwa kwenye mafaili kuwa nchi ya njaa, na wakulima wake kuwa watu wasiojua kujilisha.

Mathias Mnyampala, malenga aliyepata sifa kwa ngonjera, alizaliwa Chamwino mwaka 1917, Mtunya ikiwa inaanza. Mwaka 1954 alichapisha historia, mila na desturi za Wagogo kwa Kiswahili. Ni moja ya vitabu vichache vya enzi ile ambamo nchi hii inasimuliwa na mtoto wake.

Miaka ya kati ya vita viwili inaweza kupitwa haraka. Kodi ilidaiwa kwa fedha, ng'ombe wakauzwa kuilipa, na kila mvua zilipokosa serikali ilileta mahindi ya msaada. Polepole ladha ya mahindi ikazoeleka katika nyumba za uwele.

1946–1951: Karanga

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, alipendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Serikali ilimtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, pamoja na wenzake wawili. Walizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa wakitazama nchi kwa ndege. Walirudi na mpango wa kufyeka ekari milioni 3.2 kwa miaka sita, zilizogawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, mengi yakiwa Tanganyika. Gharama ilikadiriwa kuwa takriban pauni milioni 24. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliupokea kwa mikono miwili.

Mahali pa kuanzia palichaguliwa Kongwa. Sababu zilikuwa za kueleweka: hapakuwa mbali na reli, palikuwa na watu wachache, na ardhi ilionekana wazi kwa trekta. Swali ambalo lingeulizwa na kikongwe yeyote wa Ugogo ni kwa nini palikuwa na watu wachache. Kumbukumbu za mvua za Kongwa kwenyewe zilikuwa haba mno, na wapangaji hawakuona hilo kuwa kizuizi. Wagogo walilima karanga kwenye vipande vidogo. Hilo likachukuliwa kama ushahidi kwamba zitakubali kwenye maelfu ya ekari. Mkulima mdogo alikuwa amechagua kipande chake. Mpango ulichagua wilaya.

Kazi ilianza mapema mwaka 1947. Matrekta yalitafutwa hadi kwenye mabaki ya vita huko Ufilipino, na vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Bandari ya Dar es Salaam ilizidiwa, na kutoka Msagali, kwenye Reli ya Kati, ikajengwa reli ya kwenda Kongwa. Vichaka vya Kongwa viligoma kung'oka. Mizizi yake ilikata zana, na mibuyu haikuwa ya kusukumwa na tingatinga moja. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikuzidi 7,500 kwa kiasi cha kutaja.

Wengi wakisimulia habari hii huishia kwenye matrekta mabovu, kwa sababu yanachekesha. Mashine zingeweza kutengenezwa. Kilichoshindikana kutengenezwa ni mwenendo wa mvua na udongo kwa pamoja. Udongo mwekundu wa Kongwa una mfinyanzi mwingi uliochanganyika na chembe kali za mawe meupe zinazokula chuma. Ukilowa hunata, ukikauka huwa tofali. Sasa itazame karanga. Ua lake likishachavushwa hutoa kikonyo kinachoinama na kujichimbia ardhini, na humo ndimo ganda hukua. Udongo ukiwa mgumu wakati huo, kikonyo hubaki nje na kufa. Ukiwa mgumu wakati wa kuvuna, Aprili au Mei mvua ikiwa imekatika, kung'oa mmea huacha karanga chini. Zao linalotaka udongo laini mara mbili kwa msimu lilipelekwa mahali ambapo mvua huondoka mara mbili kwa msimu.

Mkulima wa vipande vitatu angeyakwepa haya kwa kuchagua kichanga na kuvuna kwa jembe siku chache baada ya mvua. Shamba la ekari 30,000 halina siku chache, lina ratiba. Msimu wa 1948 hadi 1949 mvua zilikuwa mbaya, na alizeti zilizopandwa ili kufidia nazo ziliungua. Shirika la serikali lililokuwa limeupokea mradi kutoka kwa United Africa Company, Overseas Food Corporation, lilipunguza malengo, kisha likayapunguza tena. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango. Zaidi ya pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Mabaki yake yanajulikana. Mtwara ilibaki na bandari yenye kina, iliyojengwa kwa ajili ya karanga za Nachingwea, eneo jingine la mradi. Reli ya kuziunganisha iling'olewa mapema miaka ya 1960. Urambo, eneo la tatu la mradi, iligeukia tumbaku. Na Kongwa, baada ya fedha zote zile, ikawa ranchi ya ng'ombe.

1961–1982: Mahindi

Uhuru ulipatikana katika mwaka wa njaa. Mvua zilikuwa zimeharibika mwaka 1961, kisha zikaja kwa mafuriko, na Ugogo ililishwa mahindi ya msaada kutoka Marekani. Ingekuwa rahisi kusema kwamba serikali mpya ilirudia makosa ya Waingereza, lakini si haki kuiweka hivyo. Nia ilikuwa nyingine kabisa: kuwafikishia watu maji, shule na zahanati. Kasoro ilikuwa kwamba hesabu ya mvua haikuwamo.

Operesheni Dodoma ilianza mwishoni mwa 1970. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipiga kambi Chamwino mwaka 1971 kufyatua matofali na wananchi. Familia zilizokuwa zimetawanyika zilikusanywa katika vijiji vya ujamaa, na mashamba yakasogezwa karibu na makazi mapya. Shule ilikaribia, lakini vile vipande vilivyotawanyika, bima ya nchi ya mvua za madoa, vilikuwa mbali mno kulimika. Watu wengi na mifugo mingi mahali pamoja vilichosha ardhi haraka. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kupambana na mmomonyoko, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa katika eneo la Kondoa lililokuwa limechimbika makorongo.

Ukame wa 1973 hadi 1975 uliikumba nchi nzima. Akina mama walipanga foleni kwa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na serikali ikatangaza Kilimo cha Kufa na Kupona. Kila kipande kilimwe. Lakini kilimwe nini? Majibu yalitolewa na bei. Serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima, ya Mbeya sawa na ya mahali pengine popote, na Shirika la Taifa la Usagishaji likayafuata vijijini. Mtama nao ulipangiwa bei na ukanunuliwa, lakini walaji wa mijini hawakuutaka, na shirika lilibaki na maghala ya nafaka isiyouzika. Katika nchi ya uwele, mahindi yakawa zao la mtu anayetaka fedha.

Kuna sababu nyingine mbili ambazo wataalamu wa hali ya hewa huzisahau, nazo ni za nyumbani. Uwele na mtama hutaka kutwangwa na kukobolewa kabla ya kusagwa, kazi ya mwanamke ya masaa. Mahindi mashine iliyamaliza kwa dakika chache. Tena mtama ulio wazi juu ya shina ni karamu ya kwelea kwelea, na walioamia ndege hao kutwa walikuwa watoto. Elimu ya msingi kwa wote ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto walikwenda shule, kama ilivyopaswa, na shamba likabaki na ndege. Mahindi huja yakiwa yamevaa maganda. Mama aliyechagua mahindi hakuwa mjinga wa mvua. Aliweka mzani: mwaka mmoja wa hatari upande huu, na jasho la kila siku upande ule.

Kutoka 1983 hadi leo

Kati ya 1983 na 1984, nchi za kusini mwa Afrika pamoja na taasisi ya kimataifa ya ICRISAT zilianzisha mpango wa kuboresha mtama na uwele, makao yake yakiwa Matopos, Zimbabwe. Matunda yake yalifika Dodoma: mtama wa Pato na Macia, na uwele wa Okoa na Shibe. Baadaye ulikuja mtama wa Wahi na Hakika unaostahimili kiduha, lile gugu linalofyonza mizizi. Aina nyingi kati ya hizi zilichaguliwa kwa kukomaa mapema, ili zimalize kazi kabla mvua haijaondoka. Kwa mara ya kwanza tangu reli ifike, taasisi yenye fedha ilikuwa imeuliza swali lile lile ambalo wakulima walikuwa wameshalijibu. Viwanda vya bia vilipoanza kununua mtama mweupe, zao la njaa likapata mnunuzi.

Zabibu zilichukua njia ya pekee. Kiangazi kirefu ambacho karanga na mahindi hukilaani, mzabibu hukishukuru, kwa kuwa unyevu wakati wa kuiva huleta ukungu. Kwa maji ya bwawa au kisima, mkulima wa Hombolo au Makutupora hupogoa mizabibu yake na kuvuna mara mbili kwa mwaka, kitu ambacho Ulaya yenye majira ya baridi haikiwezi. Hapa tabia ya nchi imetumika, haikushindwa kwa nguvu. Bila maji ya kumwagilia, hata hivyo, habari hii isingekuwapo.

Na wakulima hawakusimama. Katika kijiji cha Chololo, karibu na mji wa Dodoma, mkulima mmoja alibuni mashimo madogo yenye kina cha sentimita 30 hivi, yaliyojazwa samadi na masalia ya mimea, yakipangwa kwa mistari ili kila shimo lishike maji ya vishindo vya Desemba na kuyatunza kupita Februari. Mashimo ya chololo sasa hufundishwa kwingineko. Ni kazi nzito, na ndiyo sababu hayajaenea kwa kasi ambayo semina zingependa.

Leo ukipita barabara kuu utaona alizeti pande zote, na Kibaigwa, wilayani Kongwa, kuna mojawapo ya masoko makubwa ya mahindi nchini, ingawa sehemu kubwa ya mahindi hayo hutoka Kiteto. Mwaka mzuri mahindi ya Ugogo hukubali na kila mtu huyasahau mabaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa kila mwaka utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili: lini mvua zitaanza, lini zitakoma, kama zitakuwa juu au chini ya wastani, na wapi vipindi virefu vya ukavu vinatazamiwa. Magazeti na redio hunyakua lile la juu au chini ya wastani, na hilo ndilo linalofika kijijini.

Maafisa ugani na wahariri wa redio za mikoa ya kati wangetusaidia sana kama wangeanza na vipindi vya ukavu, kisha wakamtajia mkulima, kabla hajanunua mbegu, ni zao gani litakuwa likitoa maua wakati huo. Jumla ya milimita inaweza kusomwa mwisho wa taarifa.